Upepo Nao Ni Mzigo



Katika ukurasa huu wa usalama na afya tumezoea kukumbushana juu ya kofia ya kazi, viatu vya chuma, miwani na freni. Leo nataka kusema juu ya kitu ambacho hakitoki bohari, hakipimwi kwenye mizani, wala hakiandikwi kwenye karatasi ya safari, na hata hivyo kinapanda motokari pamoja nasi. Kitu hicho ni upepo.

Najua wengine watacheka. Watasema: «Upepo gani? Sisi hatuko baharini.» Ni kweli, Katanga si pwani. Lakini mtu yeyote aliyekaa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi anajua mwezi wa nane na wa tisa ulivyo. Kiangazi kimekomaa, majani yameungua, na upepo wa kutoka upande wa kusini-mashariki unavuma mchana kutwa ukipeperusha vumbi jekundu. Kisha unakuja mwezi wa kumi na mawingu yake ya kwanza. Mvua bado iko mbali, lakini ghafula upepo wa baridi unapiga, milango inajifunga kwa kishindo, mabati yanalia, na mama anakimbia kuanua nguo. Upepo ule unatoka ndani ya wingu lenyewe: hewa ya baridi inaanguka kutoka juu, ikifika chini inatawanyika kila upande na kuitangulia mvua. Mtu aliye nyumbani anafunga dirisha tu. Shofere aliye katikati ya barabara hana dirisha la kufunga litakalomsaidia.

Nawaza hasa juu ya motokari zenye kimo: kamyo yenye bashi, bisi ya kuleta wafanyakazi, na ruloti. Ruloti ni ile nyumba ndogo ya magurudumu ambamo watafuta-madini wanalala na kuandika hesabu zao wakiwa porini. Kule Ulaya na Marekani kuna watu wanaoendesha nyumba za namna hiyo zenye injini yake, na wanatembea nazo wakati wa likizo pamoja na bibi na watoto. Motokari hizi zote zina mwili mpana kama ukuta na ndani mna hewa nyingi kuliko uzito. Ukitaka kujua shida yake, shika bati moja la nyumba siku ya upepo ujaribu kuvuka nalo kiwanja cha mpira.

Mimi nilijifunza jambo hili miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana, tulipokuwa tukivuta ruloti ya kampuni moja kutoka upande wa Biano kurudi Kolwezi. Shofere alikuwa mzee, sisi sote tulimwita Papa. Asubuhi kulikuwa kimya kabisa, hata moshi wa moto wetu ulipanda wima. Kufika saa nane ya mchana jua lilikuwa kali na upepo umeanza. Ndani ya pori hatukuusikia sana, maana miti ilitukinga pande zote mbili. Tulipotoka pale miti inapoisha na majani matupu yanapoanza, upepo ukatupiga kwa upande wa kushoto. Nikaona katika kioo ruloti inakwenda kulia, inarudi kushoto, inakwenda kulia tena, na kila mara inazidi, kama mkia wa mbwa. Na sisi mbele tukaanza kuvutwa nayo.

Nikapiga kelele: «Papa, kanyaga freni! Freni!»

Hakukanyaga. Aliondoa mguu polepole kwenye gazi, akashika volani kwa mikono miwili bila kupigana nayo, akaiacha motokari ipunguze mbio yenyewe. Ruloti ikapiga mkia mara nne, mara tano, kisha ikatulia. Tulipokwisha kusimama kando ya barabara akageuka kunitazama. Akasema: «Mwana wangu, kama ungekuwa wewe kwenye volani, sasa tungekuwa tunatokea dirishani.»

Papa alikuwa na haki. Ukikanyaga freni kwa nguvu wakati ule, motokari ya mbele inapunguza mbio lakini ruloti nyuma bado inasukuma, na kwa sababu imekaa upande, inakugeuza. Ukiongeza gazi kwa kudhani utainyoosha, unaongeza mbio, na mbio ndiyo inayoulisha mchezo ule. Ukizungusha volani kufuata kila pigo la mkia, unachelewa kila mara, na mwishowe wewe mwenyewe ndiwe unayeichezesha. Ruloti yenye freni yake inayoshikwa peke yake kutoka kabini inaweza kunyooshwa kwa kuigusa freni ile kidogo. Yetu haikuwa nayo.

Kisha Papa akafungua mlango wa ruloti, na hapo ndipo tulipoona sababu. Vijana wa kambi walikuwa wamepakia masanduku ya sampuli za mawe, yale mazito yanayohitaji watu wawili kwa sanduku moja, na wameyapanga yote nyuma kabisa. Kwa nini nyuma? Kwa sababu mlango uko nyuma, na siku ile walikuwa na haraka. Ruloti yenye uzito nyuma inainua shingo yake pale inapofungwa kwenye motokari, na haishikwi tena sawasawa. Hata bila upepo itacheza ukifika mbio fulani. Upepo unaianzishia tu. Mzigo mzito unawekwa chini sakafuni, juu ya ekseli ao mbele yake kidogo, ili shingo ilemee kiasi kwenye ndoano. Tuliyahamisha masanduku yale kwa mikono, sisi wawili, karibu saa nzima. Tukafunga chupa ya gazi ya kupikia, tukafunga makabati na kile kidirisha cha juu ya paa ambacho mtu alikuwa amekiacha wazi. Kisha Papa akazima injini, akasema tutangoja mangaribi upepo ulale. Tukangoja.

Tulifika Kolwezi tumechelewa saa nne. Kesho yake Papa akapewa barua ya kuombwa maelezo. Mnaijua barua ile. Aliyepakia masanduku nyuma hakuandikiwa lolote.

Ndiyo sababu ninaandika leo. Habari ya volani na ya mzigo mashofere wengi wazuri wanaijua kuliko mimi. Ninayotaka kubishana nayo ni desturi yetu ya kumwuliza aliyesimama kwa nini amesimama, na kutomwuliza kamwe aliyepita katikati ya upepo kwa nini hakusimama.

Tufanye hesabu kidogo, tuone kama woga wa shofere ni uvivu. Chukua kamyo yenye bashi, ubavu wake una urefu wa metre 12 na kimo cha metre mbili na nusu. Hiyo ni metre za mraba 30. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiupiga ubavu ule sawasawa, unausukuma kwa nguvu ya kilo 230 hivi. Sasa upepo ufike kilomita 80 kwa saa. Wengine watajibu haraka: kilo 460. Hapana. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake inazidi mara nne. Utapata zaidi ya kilo 900, karibu tani moja, inayosukuma kwa upande na juu, mbali na magurudumu, pahali panapofaa kuangusha. Ruloti ya metre sita, kwa upepo uleule, inasukumwa kwa kilo mia nne na zaidi, na yenyewe mara nyingine haifiki tani moja na nusu.

Ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wengi wanalikosea: kamyo iliyojaa si ile ya kuogopwa zaidi siku ya upepo. Plake za shaba ni nzito na zinakaa chini. Tani 30 zikilala sakafuni, kamyo ina miguu. Ni wakati wa kurudi, bashi imefungwa na ndani mna hewa tupu, ndipo upepo unapata mchezo wake. Na wakati wa kurudi ndipo shofere anapojilegeza. Mzigo umeshushwa, hakuna tena cha kulinda, injini ni nyepesi, nyumbani kunanukia. Anatia mbio. Huyo ndiye ninayemwogopea. Kama unarudi mtupu na bashi inaweza kukunjwa, ikunje uifunge vizuri mbele, upepo upite katikati ya vyuma. Ni kazi ya nusu saa.

Juu ya mbio: kwa kilomita 90 kwa saa unapita metre 25 kila sekunde moja. Kwa kilomita 50 hufikii metre 14. Sekunde moja ndiyo shofere mwema anayohitaji ili atambue kwamba amesukumwa na kuirekebisha volani. Katika metre 14 bado uko kwenye njia yako. Katika metre 25, gurudumu la kulia linaweza kuwa limekwisha kushuka kwenye gudroni. Na hapa kwetu ukingo wa gudroni ni kama ngazi. Mvua za miaka zimeula udongo wa kando. Motokari nyingi hazianguki kwa upepo wenyewe. Zinaanguka kwa sababu gurudumu limeshuka kwenye ngazi ile, shofere akashtuka, akavuta volani kwa nguvu ili alirudishe. Ukishuka, baki ulivyo, punguza mbio, kisha panda polepole pale ukingo unapokuwa chini.

Kuna pahali upepo unapokungojea. Ukitoka porini ukaingia uwandani, kama sisi siku ile. Ukitoka kwenye mlima uliokatwa, ambapo udongo umesimama kuta mbili, ukafika kwenye tuta lililo wazi. Ukipita mwisho wa kilima kile cha takataka za mgodi ambacho kwa dakika mbili kilikuwa kikukinga. Na kwenye madaraja makubwa. Mto ni njia ya maji na ni njia ya upepo pia, wanaovuka Lualaba wanajua. Pahali hapo pote punguza mbio kabla ya kufika, usingoje upigwe.

Kuna hila nyingine inayowadanganya hata wazee wa kazi. Upepo unatoka kushoto, nawe umezoea kuelekeza volani kidogo kushoto ili ukae sawa. Inakuja kamyo kubwa kutoka mbele. Inapokutana nawe inauzuia upepo, na kwa nukta moja hakuna kinachokusukuma. Volani yako iliyoelekea kushoto inakupeleka kwake. Halafu ikiisha kupita, upepo unarudi wote kwa mara moja na kukutupa kulia. Kuijua hila hii kabla ni nusu ya dawa yake. Nusu nyingine ni nafasi.

Na tukisema nafasi, tuwakumbuke watu wa kinga. Barabara zetu zimejaa wanaume wanaosukuma ao kupanda kinga zenye magunia ya makala, magunia yamepita kimo cha mtu. Nao pia wanaendesha mzigo mrefu katika upepo, bila freni ya maana na bila chuma cha kuwafunika. Ukipita karibu nao kwa mbio, upepo wa motokari yako peke yake unatosha kumyumbisha mtu, kwanza kumtupa nje, kisha kumvuta ndani chini ya magurudumu yako ya nyuma. Siku ya upepo mpe nafasi mara mbili kuliko siku nyingine. Kama kuna motokari inayokuja mbele na nafasi haipo, kaa nyuma yake mpaka ipatikane. Naye ana watoto wanaomngoja.

Namna gani shofere atajua upepo umezidi, naye hana chombo cha kupimia? Ana miti. Mwaka 1805 mkubwa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alipanga nguvu za upepo kwa namba akitazama merikebu na matanga yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wakaongeza alama za nchi kavu, na alama hizo zafaa Katanga kama kwingine. Matawi makubwa yakitikisika na mwavuli ukashikika kwa shida, hiyo ni namba 6, upepo wa kilomita 39 mpaka 49 kwa saa. Mti mzima ukiyumba, na mtu anayetembea kuukabili upepo akachoka, ni namba 7, kilomita 50 mpaka 61. Vijiti vikikatika kwenye miti, ni namba 8, kilomita 62 mpaka 74. Na hiyo ni mbio ya wastani. Mapigo yake ya ghafula yanazidi hapo.

Kwa maoni yangu mimi, na nitafurahi kama mtabishana nami, namba 6 inatosha kwa motokari ndefu iliyo tupu kushuka mpaka kilomita 50. Kwa namba 7 ruloti isimame, na kamyo tupu yenye bashi isimame. Bisi ya wafanyakazi isingoje namba 8. Ina watu 50 ndani, na wengine wamelala vichwa vyao vimeegemea kioo.

Kusimama nako kuna akili yake. Elekeza pua ya motokari upande upepo unapotoka, usiupe ubavu. Kaa mbali na gudroni, washa taa, maana vumbi linaweza kukuficha kwa anayekuja nyuma. Usisimame chini ya nyaya za umeme. Usisimame chini ya mti mkubwa uliokauka. Vile vichuguu vyetu vikubwa, ambavyo vingine vinapita kimo cha nyumba, vinakinga vizuri, lakini tazama kwanza juu yake: mara nyingi miti imeota pale kileleni, nayo inaweza kuanguka. Ukifungua mlango, ushike kwa mikono miwili. Nimeona mlango wa kabini uking'olewa bawaba zake, na mkono wa mtu ukiufuata.

Sasa nageuka kwa mashefu. Najua mtakayoniambia. Mtasema: tukiwaruhusu mashofere wasimame kwa sababu ya upepo, kesho kila mmoja atakuwa na upepo wake mfukoni. Mmoja atasimama kulala, wa pili atasimama kuuza mazuti, wa tatu ana shemeji Likasi. Tuseme ukweli, watu wa namna hiyo wapo, na sitawatetea. Lakini upepo si kama maumivu ya tumbo, ambayo mtu mmoja peke yake anayasikia. Upepo ukivuma barabarani, umewavumia wote waliopita barabara ile saa ile. Siku hizi shofere ana simu; apige, aseme yuko wapi na miti inafanya nini, nanyi mwulizeni aliye kilomita 20 mbele yake. Mwongo atajulikana kwa siku moja. Kwa ajili ya waongo wawili tusiwafundishe watu 40 wakweli kuogopa barua kuliko kuogopa barabara.

Na saa mnazodhani mmezipoteza, tazameni zinakwenda wapi. Kamyo iliyolala ubavu inahitaji kreni ya kuinua, inafunga njia, inakaa garajini majuma, na hiyo ni kama shofere ametoka salama. Saa tatu za kungoja upepo ulale ni kazi, kama vile kukaza bolti za gurudumu ni kazi, ingawa motokari haisogei.

Ninaloomba ni kitu kidogo kabisa. Kwenye karatasi ya safari pana mstari wa mahali pa kutoka, wa mahali pa kufika, wa kilomita na wa mazuti. Uongezwe mstari mmoja: nilisimama wapi, tangu saa ngapi mpaka saa ngapi, kwa sababu gani. Shofere aujaze mwenyewe, shefu atie saini, iwe imekwisha. Na chini yake mstari mwingine wa jina la aliyepakia.

Papa alikwenda pensheni miaka michache baada ya safari ile. Barua ya kuombwa maelezo ilikuwa bado katika dosi yake. Nilikwenda kumwomba shefu mpya aitoe, akanijibu kwamba karatasi ikiisha kuingia katika dosi haitoki tena. Masanduku ya mawe yalifika yote, hata moja halikuvunjika.